Ukijikuta umebanwa getini uwanjani, fanya hivi

Wadau kabla mechi kubwa haijafika tuongee hili la kubanana, maana likitokea tunasema watu wamekanyagana halafu basi, kumbe wengi hawakanyagwi hata, wanakosa pumzi wakiwa wamesimama wima, kifua kimebanwa mbele na nyuma hakitanuki. Mjini Moshi tarehe 1 Februari 2020 walikufa watu 20 wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, Machi 2021 uwanja wa Uhuru watu wanamuaga Magufuli wakafa 45, Mei 2023 uwanja wa Mkapa fainali ya Yanga na USM Alger akafa mtu mmoja na wengine kibao wakaumia.

Dalili unayotakiwa uijue: unaguswa na watu pande zote kwa wakati mmoja na kuinua mkono hadi usoni ni kazi. Hapo toka, hata kama tiketi ni ya VIP, usisubiri uone itakuwaje, maana ukishaanza kuyumbishwa kama uko kwenye mawimbi na miguu inaenda usikotaka hutoki tena kwa hiari yako.

Ushachelewa? Mikono ipandishe kifuani mapema, ngumi karibu na kidevu, viwiko vitokeze mbele kidogo ili mbavu zipate nafasi ya kupumua. Usipige kelele ovyo, pumzi ndo unayoihitaji. Msukumo ukija nenda nao usishindane nao, ukitulia kidogo sogea mshazari kwenda pembeni, hatua mbili tatu, unasubiri, unasogea tena. Ila pembeni sio ukutani wala kwenye nondo za geti jamani, pale ndo pabaya kuliko kote kwa sababu ukuta hausogei. Simu ikidondoka iache, ndala ikichomoka iache, usiiname.

Ukianguka inuka hapo hapo, kamata shati ya mtu, mkanda, chochote. Imeshindikana, lala ubavu, jikunje, mikono izunguke kichwa. Usilale chali.

Na nyie mnaokaa nyuma, nyie ndo mnaua bila kujua, mnaona foleni haisogei mnasukuma mkidhani wa mbele wanazembea, kumbe mbele kuna mtu hana hewa. Foleni ikigoma rudi hatua moja na umwambie wa nyuma yako naye arudi. (Wanaofungua geti moja kwa maelfu ya watu nao wana lao, ila hao sio wa kuwategemea siku hiyo.)

Watoto wadogo waache nyumbani waangalie kwenye tivii.

Mtu akitolewa hajitambui, msimmwagie maji wala kumzunguka kumpepea mkidhani kazimia tu. Angalia kama kifua kinapanda, kama hapumui mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukichoka mwingine apokee mpaka wahudumu wafike.