Handibreki Kulegea Baada ya Kubadilisha Diski za Nyuma

Gari likitoka kubadilishwa diski za nyuma kisha handibreki ikapanda hadi juu bila kushika, wengi wetu hukimbilia kukaza waya. Nililifanya kosa hilo mwenyewe, na gari likaanza kuteleza kwenye mteremko wa Upper Hill nikiwa bado nafunga mlango. Tangu siku hiyo siguswi na neno "waya" kabla sijatazama ndani ya diski.

Somo hili linahusu magari ambayo diski ya nyuma ina dramu ndogo katikati yake, kama Subaru Forester nyingi tunazoziona hapa Nairobi. Ndani ya dramu hiyo, iliyo kama kikombe cha chuma, mna viatu viwili vya breki, yaani vipande vilivyopinda vinavyotanuka kubana ukuta wake, vinavyotumiwa na handibreki peke yake. Diski kuukuu huota ukingo wa kutu unaonasa viatu, kwa hiyo fundi hulazimika kuvirudisha ndani ili aitoe, na mara nyingi husahau kuvipanua tena.

1. Egesha mahali tambarare, weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, legeza nati, inua nyuma kwa jeki, kisha ulaze gari juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Gia iwe N, la sivyo magurudumu ya nyuma ya gari linaloendeshwa na magurudumu yote hayatazunguka vizuri.

2. Shusha handibreki na ulegeze nati ya waya, ambayo aghalabu imo chini ya kifuniko cha mkono wake, mpaka waya usivute kitu.

3. Toa gurudumu na ushikize diski kwa nati mbili ili isikae upande. Tafuta kizibo cha mpira kwenye uso wa diski au kwenye bamba lililo nyuma yake, upenyeze bisibisi bapa, na uzungushe kirekebishi chenye meno mpaka diski igome kuzunguka kwa mkono. Kisha urudishe meno, kwa idadi iliyomo katika kitabu cha gari, hadi diski izunguke bila kukwama. Fanya hivyo pande zote mbili.

4. Sasa ndipo ukaze waya, ukihesabu milio ya handibreki kulingana na kitabu hicho. Ukiishusha, magurudumu yote mawili sharti yazunguke huru. Yakikwaruza kwa nguvu, viatu vitaungua barabarani.

Swali: Fundi, Probox yangu haina diski nyuma. Nifuate hatua hizi?

Jibu: Ndugu, kwako viatu vilevile hutumiwa na breki ya mguu na handibreki. Kanuni haibadiliki: viatu kwanza, waya mwisho.

Swali: Nimenunua viatu vipya Kirinyaga Road na nimerekebisha kama ulivyoeleza, lakini gari bado lateleza kidogo.

Jibu: Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, je, uliyasafisha upande wa ndani pia, kwa dawa ya breki? Viatu vilivyokwisha kunywa mafuta au grisi vibadilishwe, kwani kuvisugua hakutoshi. Vikiwa vikavu, vinahitaji muda wa kujilaza kwenye dramu, kwa utaratibu wa kitabu cha gari.

Swali: Gari langu handibreki inavuta kalipa yenyewe, ile inayobana pedi kwenye diski.

Jibu: Hapo hamna viatu, mama. Hakikisha pistoni ilirudishwa kwa kuzungushwa wakati wa kufunga pedi, na kwamba mkono wa kalipa unarudi mpaka mwisho wake handibreki ikishushwa.