SOMO: TV ni ya HD (picha kali, yenye nukta nyingi), mbona picha ina ukungu?

Wakuu, juzi niliitwa Kirumba, hapa Mwanza. Mteja kanunua TV ya inchi 43, anaapa kauziwa feki. Nikachungulia nyuma: king'amuzi kimeungwa kwa waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Kesi ikaishia hapo.

Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, kama laki nne hivi. Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Mzigo huo haupiti kwenye waya wa rangi tatu, hata TV uwe umeuza ng'ombe kuinunua.

Hatua ya 1: Hakikisha king'amuzi chenyewe ni cha HD na kina tundu la HDMI, yaani la waya mmoja bapa unaobeba picha ya HD na sauti.

Hatua ya 2: Chomeka waya wa HDMI, shika rimoti ya TV, bonyeza Source, chagua tundu ulilochomeka.

Hatua ya 3: Hapa ndipo mafundi wengi hukimbia na hela yako. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, upande wa picha, weka 1080i au 720p, ndivyo viwango vya HD. Mara nyingi utakuta kimeachwa 576, ile picha ya kawaida.

Hatua ya 4: Tafuta chaneli inayorushwa kwa HD. Kama kituo kinarusha picha ya kawaida, TV haina la kufanya. Wala usipande batini kugeuza dishi. Dijitali haina chenga kama analojia iliyozimwa hapa Mwanza 2013. Mawimbi yakipungua picha hukatika vipande au huganda, haiwi na ukungu.

MASWALI

Mama wa Igoma: Fundi, mvua ikija picha inaganda. Ni waya?
Jibu: Hapana mama, matone yananyonya mawimbi ya setilaiti. Wingu likipita itarudi. Ikiganda na jua linawaka, niite: dishi limesogea au maji yameingia kwenye kiungo cha waya.

Kijana wa Nansio: Mkuu, dishi langu linatazama juu, la jirani linatazama machweo. Nani kakosea?
Jibu: Hakuna. Kwa nyuzi za longitudo, setilaiti yako iko 36 mashariki, nasi tuko karibu 33, kwa hiyo iko karibu utosini. Ya jirani iko nyuzi 7, mbali huko magharibi.

Mteja wa Kirumba: Sasa naona hadi jasho la refa. Ila elfu tano kwa kuchungulia tu?
Jibu: Hiyo ilikuwa ya bodaboda, bosi. Kuchungulia nilikupa bure.