Somo: Kutotolesha mayai nyumbani wakati wa kiangazi cha Dodoma

Anayetotolesha Dodoma kati ya Juni na Oktoba anapambana zaidi na ukavu kuliko joto. Maelekezo ya mtu wa Tanga, ambako hewa yenyewe ina unyevu, ukiyafuata yalivyo hapa Nkuhungu, Ihumwa au kule Kongwa, vifaranga watakua vizuri mpaka siku ya 19, kisha watafia ndani ya ganda. Somo hili ni la mashine ndogo yenye feni, ya mayai 30 hadi 60.

1. Mayai

Jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10. Chukua mayai yenye umri usiozidi siku 7, yasiyo na ufa, yasiyo ya duara wala marefu kupita kiasi. Usiyaoshe, maana maji huondoa utando wa nje unaozuia vijidudu. Lenye uchafu mkavu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana lipeleke jikoni.

Unapoyakusanya, ncha nyembamba ikae chini. Oktoba, chumba cha bati kinaweza kupita nyuzi 30 mchana. Hapo mbegu ya kifaranga inaanza kukua kabla ya wakati, halafu usiku ikipoa inakufa. Weka trei juu ya matofali mawili ndani ya beseni la mchanga uliolowanishwa, kwenye kivuli, na maji yasiguse mayai.

2. Kagua vipimo kabla ya kuviamini

Themomita ya mashine ilinganishe na ile ya homa ndani ya maji ya vuguvugu, ukilowanisha ncha ya waya tu. Kipimo cha unyevu nacho kina njia yake: jaza kisoda chumvi ya mezani, dondosha maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kiweke pamoja na kipimo kwenye kopo linalofunga kabisa, uache saa 8 au zaidi. Kipimo kizima kitasoma asilimia 75. Kikisoma 68, basi kila mara ongeza 7 kichwani. Usiruke hatua hii. Vipimo vya bei nafuu hupishana sana, na mayai yako yote yanategemea namba hiyo.

3. Kupanga na kugeuza

Washa mashine saa 24 kabla. Joto likishatulia kati ya 37.5 na 37.8 ndipo upange. Kama mashine haigeuzi yenyewe, andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, ugeuze mara 3 au 5 kwa siku. Namba isiyogawanyika kwa mbili inasaidia upande uleule usilale chini kila usiku. Yai lisilogeuzwa, kifaranga anagandana na utando.

4. Unyevu, siku ya 1 hadi ya 18

Lenga asilimia 45 hadi 55. Wengi wakiona namba iko chini wanaongeza kina cha maji. Haisaidii, kwa sababu kinachotoa mvuke ni upana wa uso wa maji. Bakuli pana lenye maji ya kidole kimoja linashinda kopo refu lililojaa. Hewa ya kiangazi tayari ni kavu, na mashine ikiipasha moto inakauka zaidi, kwa hiyo bakuli moja huwa halitoshi. Kata kipande cha sponji ya godoro, kisimamishe ndani ya maji, na uso wa kutoa mvuke utaongezeka. Maji ya visima vya huku yana chumvi: baada ya siku chache sponji inakuwa na ukoko mweupe, mgumu ukiugusa, na mvuke unapungua ilhali maji yapo. Badilisha sponji kila wiki. Ongeza maji ya vuguvugu, si ya baridi. Tundu za hewa usizizibe ili kupandisha unyevu, kiinitete kinapumua.

Hakimu wa mwisho ni mzani wa jikoni. Mayai yanatakiwa kupoteza asilimia 12 hadi 13 ya uzito kufikia siku ya 18. Mayai 30 ya kienyeji yenye gramu 1,350 yatapungua gramu 65 hivi siku ya 7. Yakipungua 100, ongeza uso wa maji. Yakipungua 40, punguza. Pima kabla hujaondoa yai lolote.

5. Kumulika

Siku ya 7, usiku, kwa tochi ya simu. Yai zima lina doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kutoka kwake. Lililo angavu tupu halikurutubishwa. Lenye duara jekundu limekufa. Mulika tena siku ya 14, utoe viza kabla hayajapasuka na kuchafua mengine.

6. Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu mpaka asilimia 65 hadi 70, funga mashine. Kuanzia kifaranga kudonoa ganda mpaka kutoka kunaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Usifungue. Hewa ya nje ikiingia, utando unakauka na kumbana kifaranga ashindwe kujizungusha. Waliotoka hawahitaji chakula haraka. Kiini kilichoingia tumboni kinawatosha siku mbili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, au usiku mzima, nafanyaje?*

Ukikatika kwa muda wa saa nne tu, funga tundu nusu, funika mashine kwa blanketi, usifungue. Ukiendelea, weka chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo pembeni ya mayai. Kupoa kwa saa chache huchelewesha tu. Kupita nyuzi 40 ndiko kunakoua upesi. Umeme ukirudi toa blanketi mara moja.

*Habari, mayai 22, siku ya 21 wametoka 9, waliobaki wamekufa wakiwa na manyoya kamili. Ni jogoo?*

Jogoo hana kosa, dada. Angekuwa yeye, mayai yangekuwa matupu siku ya 7. Pasua matatu uangalie. Utando mkavu ulioshika manyoya ni ukosefu wa unyevu, au ulifungua. Kifaranga aliyevimba, amejaa maji, ni unyevu uliozidi mwanzoni.

*Mimi sina mashine. Tetea wangu anaacha kiota siku ya 12 au 13.*

Mara nyingi ni utitiri. Mwinue usiku, mulika chini ya mbawa na kwenye nyasi. Choma nyasi hizo, weka majivu makavu chini ya nyasi mpya. Mpe mayai 10 hadi 12 tu, maji na pumba karibu, na siku ya 18 nyunyizia maji udongo unaozunguka kiota, si mayai.

*Miguu ya vifaranga inatanuka pembeni, shida ni nini?*

Sakafu ya gazeti inateleza. Tandika gunia la katani au maranda. Funga miguu kwa uzi laini wa sufi, nafasi ya kidole kimoja, siku mbili au tatu. Ukiwahi siku ya kwanza wengi wanasimama.