Kabla hujatuma hata mia tano, hesabu tarehe

Aprili 2023 nilikuwa kibandani kwangu Kongowea nikifungua robota la mashati, simu ikalia. Kijana wa kukusanya madeni, mpole, ananiita mzee. Bili ya hospitali ya marehemu mama, Sh 94,000 zilizobaki. Mimi ndiye niliyetia sahihi siku alipotolewa wodini. "Tuma hata mia tano mzee, tuone una nia." Nikatuma, anipishe nifanye kazi.

Mia tano ile iliwanunulia miaka 6 mingine ya kunishtaki.

Kwa sheria ya Kenya ya ukomo wa muda wa kushtaki, Sura ya 22, deni la makubaliano hushtakiwa ndani ya miaka 6, na bili ya hospitali imo humo. Hesabu huanza siku uliyopaswa kulipa ukakosa, si siku barua ya wakili ilipobisha hodi. Ila ukilipa sehemu, au ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, hesabu inaanza upya. Malipo yangu ya nyuma yalikuwa Sh 3,000, Julai 2017. Ilibaki miezi 3 muda wao uishe! Kwa mia tano ile wakapata mpaka Aprili 2029.

Kwa hivyo ukipigiwa, usibishe wala usiahidi. Mwambie akuletee hesabu yote kwa maandishi, kila malipo na tarehe yake. Nawe tafuta zako: risiti, na taarifa ya M-Pesa kupitia *334#. Zangu nilizikuta kwenye mkoba wa mama, zimekunjwa pamoja na kadi ya kliniki. Tazama malipo ya mwisho, ongeza 6. Na barua za kuomba kupunguziwa uziandike kwa hadhari. "Naomba mnipunguzie deni langu" tayari ni kukiri.

(Kumshtaki daktari kwa uzembe ni miaka 3. Watu huchanganya.)

Wito wa mahakama ukija, usiuweke chini ya godoro. Madai yasiyozidi Sh milioni 1 huenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Kama miaka 6 imepita, liandike hilo waziwazi kwenye majibu yako. Usingoje hakimu akukumbushe. Ukinyamaza, hukumu itatolewa wewe ukiwa sokoni, na hukumu ina miaka 12 ya kutekelezwa. Hapo ndipo dalali anapokuja kuhesabu makochi.

Jirani yangu aliniuliza kwa nini nisikae kimya hadi 2029. Lingekuwa langu, pengine. Hili ni la mama, na maiti na deni hatufanyii mzaha. Kila tarehe 5 natuma Sh 1,500, nikijua kila ninapotuma nawapa miaka 6 upya. Ujumbe wa M-Pesa naunakili kwenye daftari la mitumba, ukurasa wa nyuma.