Kabla hujagusa tovuti yako ya biashara, kagua haya

Kama duka lako ni dogo, usihangaike kugombania neno "mabati" kwenye Google. Wenye viwanda wameshalikalia. Mteja mwenye hela mkononi haandiki neno moja. Anaandika "bati ngapi kupaua nyumba ya vyumba vitatu" au "tofauti ya geji 28 na geji 30". Kila swali la aina hiyo lina watu wachache, ila maswali yenyewe ni mengi mno, na wanaouliza wameshaanza ujenzi. Hao ndio wa kuwaandalia kurasa.

Fungua Google Search Console leo, ni bure. Inakuonyesha maneno watu waliyoandika hadi wakakuona, hadi miezi 16 nyuma. Pitia na meseji za WhatsApp: swali linalojirudia ndilo kichwa cha ukurasa, kwa lugha ya wateja. Wakiita aina fulani ya bati "msauzi", andika msauzi. Jibu likae juu kabisa. Picha zipunguzwe uzito, wengi wanaingia kwa simu na bando dogo.

Sasa la anwani za kurasa, na hili lisome mara mbili. Namfahamu muuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa na kurasa kama hizo, kuukuu, lakini simu zilikuwa zinaita. Akatengenezewa tovuti mpya, ikapendeza kweli. Ukurasa uliokuwa unaishia na /bati-ngapi-vyumba-vitatu ukawa /?p=47, na nyingine fundi wa tovuti akazifuta kwa madai kwamba hazina watu. Google ikaendelea kuwapeleka wateja kwenye anwani za zamani, wakakuta 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo, wakaondoka. Baadaye kurasa hizo zikatoweka kwenye matokeo. Mwenye duka alipolalamika, fundi akazielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Haikusaidia kitu, kwa sababu Google huweza kulihesabu hilo sawa na ukurasa usiokuwepo. Na ni haki: mtu kauliza idadi ya bati, unamwonyesha picha ya duka!

Kwa hiyo, kabla fundi hajaanza, toa kwenye Search Console orodha ya kila ukurasa uliobofywa, hata mara moja tu. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye ukurasa mpya unaojibu swali lilelile, na ibaki hivyo mwaka mzima au zaidi, kama Google wenyewe wanavyoshauri. Usimalizie malipo kabla hujafungua anwani kadhaa za zamani kwa mkono wako na kuona zinaishia wapi.

Ukiletewa wazo la kurasa mia zinazofanana, zimebadilishwa jina la mji tu, Mbeya, Iringa, Njombe, kataa. Google inazichukulia kama hila na inaweza kuziondoa. Domeni, yaani jina la tovuti yako mtandaoni, iandikishwe kwa jina lako, si la fundi. Neno la siri uwe nalo. Nakala ya tovuti ya zamani itunze mahali pako. Wala usihamie tovuti mpya kipindi ambacho watu wanakimbizana kupaua kabla ya mvua.