Jinsi ya kupima urefu wa watu wa nyumbani, kuanzia kichanga hadi bibi

Mama mmoja kanitumia picha ya kadi ya kliniki ya binti yake. Mtoto alipokuwa na miezi 23 aliandikiwa sm 84.5. Mwezi uliofuata, alipotimiza miaka miwili, akaandikiwa sm 84.7. Milimita mbili kwa mwezi mzima! Alikuwa ameshaanza kuulizia makopo ya virutubisho dukani. Mtoto hana tatizo lolote, na sababu iko hatua ya 4. Lakini usirukie huko kama una mtoto wa kunyonya, maana hatua ya 3 ndiyo inayoharibu kadi nyingi.

Hatua ya 1: Vifaa

Tepu ya chuma ya mafundi ujenzi, kipande cha ubao chenye kona zilizonyooka, na penseli. Futikamba ya fundi cherehani mwachie mwenyewe. Ikishavutwa sana inalegea, na ukimpimia mtoto aliyelala inafuata mbonyeo wa godoro na mkunjo wa goti. Kama una kichanga, seremala yeyote atakutengenezea ubao wa kupimia: bapa refu la kama sm 110, ukingo usiosogea upande wa kichwa, na kibao kinachoteleza upande wa miguu. Mezani au sakafuni, kamwe si kitandani.

Hatua ya 2: Umri

Hesabu miezi iliyotimia. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi, ukimpima tarehe 10 Novemba ana miezi 7, si 8. Njiti mpunguzie wiki alizowahi: aliyezaliwa wiki ya 32 unamtolea wiki 8, na unaendelea hivyo mpaka afike miaka miwili.

Hatua ya 3: Mtoto chini ya miaka miwili, mlaze

Hapa panahitaji watu wawili. Sijali una uzoefu gani, peke yako utapata namba ya kubahatisha.

Mvue viatu, soksi na nepi nene. Kama amesukwa vishungi juu ya utosi, fumua kwanza. Najua vimelipiwa na ni vya sikukuu, ila kishungi kimoja kinaweza kuongeza sentimita na zaidi. Kama hukubali kufumua, panga siku nyingine.

Mtu wa kwanza, na afadhali awe mama kwa sababu mtoto anautambua uso wake, anapiga magoti nyuma ya ukingo wa kichwa na kukishika kichwa kwa viganja viwili, asizibe masikio. Utosi uguse ukingo. Macho yatazame juu moja kwa moja: kidevu kisiinuke wala kisizame kifuani. Watu wengi wanashika kichwa vizuri halafu wanasahau mwili umepinda kama ndizi. Mabega na makalio yalale sawa katikati ya ubao.

Mtu wa pili anabonyeza magoti taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anasogeza kibao mpaka kiguse visigino. Vidole vielekee juu. Mtoto akichanganya miguu, pima kwa mguu mmoja ulionyooka. Kichanga wa siku chache magoti yake hayanyooki kabisa, usilazimishe. Wapo wanaosoma namba kibao kikiwa kwenye ncha za vidole: hiyo ni namba ya mcheza densi, futa.

Soma hadi milimita, mwinue, mtulize, kisha pima tena. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sm 0.7, anza upya. Vikikaribiana, andika wastani. Akilia sana, acha. Mtoto anayejinyonganyonga hapimiki, na kesho ipo.

Hatua ya 4: Siku anapotimiza miaka miwili

Kuanzia hapo anapimwa akiwa amesimama, na mtu aliyesimama ni mfupi kidogo kuliko akilala, kwa sababu uti wa mgongo unabeba uzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria tofauti hiyo kuwa sm 0.7. Yule binti mwongezee sm 0.7, utaona amekua karibu sm 0.9, ambao ndio mwendo wa kawaida wa umri wake. Aliyempima alifuata utaratibu, ila hakumweleza mama. Chini ya miaka miwili akigoma kulala, msimamishe kisha ongeza 0.7. Juu ya miaka miwili ukilazimika kumlaza, toa 0.7. Na uandike pembeni ya namba: "amelala" au "amesimama".

Hatua ya 5: Chora

Wavulana wana chati yao na wasichana yao. Kadi ikiwa na mchoro wa uzito tu, wa urefu unapatikana bure kwenye tovuti ya WHO. Ukiambiwa ni chati ya Wazungu, kataa: ilitolewa mwaka 2006 kutokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Programu za simu sizipendi kwa sababu zinakupa rangi na hukumu papo hapo, wakati nukta moja haisemi mengi. Chora kwa penseli, tazama mstari unaelekea wapi. Mstari wa mtoto ukikatiza mistari ya chati kushuka, au nukta ikiwa chini ya mstari wa -2 (huo ndio udumavu), nenda kituo cha afya.

Urefu hauonyeshi njaa ya mwezi huu. Hiyo inaonwa na utepe unaozungushwa katikati ya mkono wa juu: mtoto wa miezi 6 hadi 59 mzunguko wake ukiwa chini ya sm 11.5, mpeleke leo.

Hatua ya 6: Shule hadi balehe

Ukutani, pekupeku, asubuhi kila mara, kwani jioni mtu hupungua hata sentimita. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Kabla ya balehe tegemea sm 5 hadi 7 kwa mwaka. Wasichana hufyatuka mapema, kasi yao ikiwa kubwa karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, kwa hiyo kijana wa darasa la sita kupitwa na dada zake si ugonjwa. Balehe ikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, muone daktari.

Hatua ya 7: Wazee

Ukuta ule ule. Bibi akiwa amepungua zaidi ya sm 4 kutoka urefu wake wa ujanani, ambao mara nyingi umeandikwa kwenye pasipoti ya zamani au cheti cha kazini, omba achunguzwe mifupa ya mgongo hata kama halalamiki maumivu.