Kupokea na Kutunza Mbolea ya Viwandani Stoo Bila Kuumiza Mtu

Huku Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, mvua za Machi zikikaribia, malori ya mbolea hupanda mlima kutoka Mbale na stoo zikajaa kwa muda mfupi. Ndipo vibarua wanapoumia: macho yanawasha, mikono inachubuka, migongo inateguka. Mimi ni mtunza stoo, na huu ndio utaratibu ninaowafundisha wapakuzi wapya. Unahusu mbolea za DAP (daiamonia fosfeti), urea, CAN (kalsiamu amonia naitreti) na NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) za mifuko ya kilo 50.

Hatua ya 1: Andaa stoo kabla lori halijafika
Ziba paa panapovuja, fagia, kisha panga mapaleti ya mbao nusu mita kutoka ukutani. Mbolea hufyonza unyevu wa hewa, na sakafu ya saruji nayo hupitisha unyevu wa ardhini. Ikishaloa huganda kama jiwe, na atakayetumwa kuivunja ndiye atakayerukiwa na vumbi machoni.

Hatua ya 2: Amua nini kikae karibu na nini
Hapa naomba usiharakishe. CAN ina amonia naitreti, ambayo ikipata moto hutoa oksijeni na kuuchochea. Unga wa mawe ya chokaa uliomo huipunguzia ukali, lakini bado isikae na dizeli, petroli, oili, makaa wala maranda. Mafuta ya jenereta yawe na chumba chake. Sigara marufuku, na bodaboda isilale stoo hata usiku mmoja. Najua mwenyewe anaogopa wezi, ila tangi lake lina petroli. Huwa nawaeleza vijana habari za bandari ya Beirut, ambako tarehe 4 Agosti 2020 takriban tani 2,750 za amonia naitreti zililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Ile haikuwa CAN, lakini wakishasikia, hawaulizi tena kwa nini nakataza kiberiti.

Urea na CAN zisichanganyike: huvuta maji upesi na kuwa rojo. Chokaa, saruji na majivu vikae mbali na DAP na CAN, kwani vikikutana penye unyevu hutoka gesi ya amonia, inayochoma pua na kifua. Dawa za magugu, mbegu na chakula, kila kimoja mahali pake.

Hatua ya 3: Vaa
Glavu, gambuti, shati la mikono mirefu, miwani, na barakoa penye vumbi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kumkata kibarua ujira wake kwa ajili ya glavu ni dhuluma.

Hatua ya 4: Pakua
Watu wawili kwa kila mfuko, wakikunja magoti, si mgongo. Kulabu zisitumike, hupasua mifuko. Pishanisha mifuko unapopanga, na rundo lisipite kimo cha mtu.

Hatua ya 5: Mambo yakiharibika
Iliyomwagika ifagiliwe ikiwa kavu. Usiisukumie mtaroni kwa maji: naitreti ikifika kisimani, huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtu kituo cha afya. Kwa hiyo jerikeni ya maji safi isikose mlangoni, na asinawie mtu matope humo.

Moto ukizuka, toa watu wote na msimame upande upepo unakotokea, maana moshi wake ni sumu, hasa ule wa kahawia. Moto wa CAN huzimwa kwa maji mengi. Kuufunika kwa mchanga hakusaidii, kwa sababu oksijeni inatoka ndani ya mbolea yenyewe. Ukiwa umeshakua, waachie wazima moto.

Hatua ya 6: Mifuko mitupu
Kila msimu watu huiomba wakatilie mahindi au unga. Usiwape. Itoboe kabla haijatoka stoo, ili asipatikane wa kuiokota na kuitumia.